Diski Itakufa, Data Je?

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Nianze na hesabu fupi ya kugawanya. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala wakipendekeza kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei mbaya, mtu apange diski ndogo nyingi za kompyuta za mezani zifanye kazi pamoja. Wazo zuri, ila lilikuwa na kasoro, na wao wenyewe waliionyesha. Diski ya wakati ule ilikadiriwa kudumu saa 30,000 kwa wastani, miaka mitatu na ushei. Zipange 100, na wastani wa kungoja moja ife unashuka hadi saa 300. Hata wiki mbili hazifiki! Kwa hiyo RAID, yaani kupanga diski nyingi pamoja na akiba ya kuokoa data moja ikifa, ilizaliwa kama dawa ya ugonjwa ulioletwa na wazo lilelile.

Dawa nyepesi ni kuandika kila kitu mara mbili, kwenye diski pacha. Hiyo ni RAID 1, nayo inakula nusu ya nafasi uliyoinunua. Dawa ya pili ndiyo inayonifurahisha mpaka leo. Chukueni diski tatu za data, muongeze ya nne ya pariti. Data yote huandikwa kwa 0 na 1. Kila mahali, ukihesabu zile 1 katika diski zote nne, jumla lazima iwe shufwa. Tuseme diski tatu zina 1, 0 na 1. Zile 1 ziko mbili, tayari ni shufwa, basi pariti inaandika 0. Sasa diski ya pili ife. Zilizobaki zina 1, 1 na 0. Jumla ni shufwa hata bila marehemu, basi yeye alikuwa na 0. Hakuna aliyeiweka akiba hiyo 0 popote, na bado imerudi. RAID 5 hufanya hivyohivyo, ila pariti huisambaza katika diski zote, isije moja ikaelemewa.

Hatari iko wapi? Diski ikifa, seva inaendelea, bosi hana habari, fundi anachomeka mpya. Hapo mfumo unaanza kuzisoma zote zilizobaki, mwanzo hadi mwisho, ili kuijaza hiyo mpya. Diski ya terabaiti 20, kwa mwendo wa megabaiti 200 kwa sekunde, inataka zaidi ya saa 27, tena kama hakuna mtu mwingine anayeitumia. Muda wote huo RAID 5 haina akiba. Na kwa diski nyingi za bei nafuu, watengenezaji wenyewe huandika kiwango cha kosa moja la kusoma kwa kila biti trilioni 100, yaani terabaiti 12.5. Linganisheni na 20. Nyingi hufanya vizuri kuliko hivyo, lakini mimi kwenye diski kubwa naweka RAID 6, yenye pariti mbili. Tena diski zilizotoka katoni moja, zikakaa kwenye joto moja, msishangae zikifuatana.

Hayo yote ni ya diski kufa. Amri ya kufuta je? RAID ni mtiifu: ukifuta, inafuta kote papo hapo. Usiku wa 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuwatunzia watu misimbo ya programu zao, alikusudia kufuta saraka ya hifadhidata kwenye seva ya pili, kumbe yuko kwenye seva kuu. Aliposhtuka na kuisimamisha amri, gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimekwenda, zimebaki 4.5. Hakuna diski iliyokufa usiku ule.

Bakapu, yaani nakala za kurejesha data, walikuwa nazo? Kwa maelezo, za njia kadhaa. Programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo lisilopatana na hifadhidata, ikawa inashindwa, na hifadhi ya mbali ilikutwa tupu. Barua pepe za kutahadharisha zilikuwa zikitumwa, ila seva ya kupokea ilizikataa kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono takriban saa 6 kabla, kwa ajili ya seva ya majaribio. Hata kuirudisha kulichukua saa 18 hivi, maana diski za huko zilikuwa za mwendo wa pole.

Karibuni maswali. Naona mkono pale nyuma.