Nyumba ya Kiamu na vifaa vinavyojiendesha: tukipanua, tuanzie kwenye maji

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, kina mama, mafundi wenzangu, nanyi vijana mliosimama kule nyuma, ahsanteni kwa kuja baada ya Isha.

Wengi mlioko hapa mmeshaanza. Kuna mwenye taa za kuwasha kwa simu, kuna aliyefunga kamera mlangoni, kuna mwenye nyumba ya wageni kule Shela, hapa hapa kisiwani Lamu, aliyeweka kufuli ya nambari. Swali mliloniletea ni hili: sasa tuongeze nini? Jibu langu ni maji. Taa za kubadili rangi zinapendeza, lakini maji yakikosekana asubuhi moja tu, nyumba nzima imekwama: hakuna udhu, hakuna chai, hakuna kufua.

Kabla ya maji, ubongo. Vifaa vingi vya bei nafuu hupeleka amri yako mpaka kwenye seva iliyo nchi ya mbali, ndipo amri irudi kuwasha taa iliyo juu ya kichwa chako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya na kwa majirani zetu. Nyumba inayoongozwa kutoka mbali haiwezi kustahimili siku kama ile. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa kingine chochote, weka kompyuta ndogo humo humo ndani. Raspberry Pi yatosha, au hata laptopu ya zamani. Ipakie Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo huendesha vifaa bila kutoka nje ya nyumba. Usiiendeshe kwa kadi ya kumbukumbu, kwa sababu kadi huchoka kwa kuandikwa mfululizo na huharibika stima ikipotea ghafla. Tumia diski ya SSD, na kompyuta pamoja na ruta uzipe betri ya akiba. Baada ya hapo, kila kifaa unachokitamani dukani kiulize: intaneti ikikatika, wewe utaendelea na kazi?

Sasa kuta zetu. Mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita hivi, hayapitishi waifai kwa urahisi. Ruta iliyo kwenye msana, yaani ukumbi, wa chini haisikiki vizuri juu darini. Hapa ndipo Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani, inapotufaa: kila kifaa chake kilichounganishwa na stima hupokea ujumbe na kuusukuma mbele kwa kingine. Vya betri havisukumi, hilo mlishike. Basi panga plagi za Zigbee kwa njia ya uwazi: moja tekani, yaani ukumbi wa kuingilia, moja kiwandani, yaani ua wa ndani ambako juu ni mbingu tupu, moja kwenye ngazi. Mawimbi yapite milangoni na kiwandani, msiyalazimishe kupenya jiwe. Ruta iwe chaneli ya 1, Zigbee iwe ya 25, zisigombane. Antena ya Zigbee inayochomekwa kwenye kompyuta nayo iungwe kwa waya mrefu kidogo, isikae ubavuni mwa kompyuta, maana tundu za USB 3 huichafulia hewa.

Na tafadhali, fundi asije na patasi. Mji wa kale wa Lamu umelindwa kisheria tangu 1986, na tangu 2001 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Swichi ya betri hubandikwa ukutani kwa gundi, na siku ya kubandua ukuta uko vile vile. Tena swichi nyingi za zamani hazina waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, nyuma yake, kwa hiyo chunguza hilo kabla hujanunua swichi janja.

Tuje kwenye maji yenyewe. Nyumba zetu zina kisima, zina tangi juu, na nyingine bado zina birika la chooni na samaki wake wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Anza na tangi. Kihisi cha mawimbi ya sauti kinafungwa chini ya kifuniko, kinapima umbali hadi kwenye maji. Kiache juu ya kiwango cha mwisho cha maji kwa sentimita 25 au zaidi, kwa sababu karibu mno hakioni. Kisha tazama mchoro wa usiku. Kati ya saa sita na saa kumi usiku, watu wamelala, mstari wa maji unatakiwa kunyooka. Ukishuka polepole, choo kinavuja au kuna mfereji haukufungwa. Kwangu mimi mchoro huo una thamani kuliko taa zote za sebuleni.

Pampu ni jambo la hatari, nitakaa nalo. Usiiwashe kwa plagi janja ya kawaida, kwani mota inapoanza huvuta mkondo mkubwa na kuunguza mguso wa ndani. Plagi iwashe kontakta, yaani swichi ya sumaku inayohimili mkondo mkubwa, na kontakta iwashe pampu. Weka na kibano cha kupima mkondo kwenye waya wake. Kisima kikikauka, pampu huzunguka bila mzigo na mkondo hushuka, na hapo mfumo uizime mara moja. Lakini kikomo cha muda, dakika thelathini tuseme, kiandikwe ndani ya kifaa chenyewe kinachoongoza kontakta. Kompyuta ikifa, pampu isiendelee kuzunguka. Na boya la kuzima tangi likijaa libaki pale pale.

Ukishafika hapo, ongeza kipimo cha chumvi. Mji huu unakunywa maji yaliyohifadhiwa chini ya machuguu ya mchanga wa Shela, na maji matamu hayo yameelea juu ya maji ya bahari. Tukivuta kwa pupa, chumvi hupanda. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo kihisi cha upitishaji umeme ndani ya kisima kitakuonyesha mabadiliko kabla ulimi haujayatambua. Namba ikianza kupanda, mfumo uipumzishe pampu, uvute kidogo kidogo. Wenye visima jirani mkiweka vipimo hivi na kuonyeshana, mtajua hali ya maji ya mtaa mzima. Hilo naliomba kwa dhati.

Moto, kwa haraka: kihisi cha moshi kiwe juu, hasa penye makuti. Cha gesi ya kupikia kiwe chini karibu na sakafu, kwa sababu gesi ile ni nzito kuliko hewa. Vyote viwe na king'ora chake chenyewe.

Kamera. Daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na tekani vilijengwa ili mpita njia asiione ndani, na sisi sasa tunapanda darini kufunga jicho linaloangalia kiwanda cha jirani. Hiyo ni kuvunja sitara, na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 nayo inahusika. Kama shida ni kujua mlango umefunguliwa, kihisi cha sumaku mlangoni kinatosha. Na wanaofanya kazi kwako waambiwe kila kilichofungwa na kazi yake.

Mwisho, hewa ya bahari hula shaba. Bodi zipakwe vanishi ya kielektroniki, sanduku za nje ziwe IP65, yaani zisizopitisha vumbi wala maji ya kurushiwa, na waya ziingie kwa chini ili maji ya kusi yasitiririkie ndani. Bandika karatasi kando ya sanduku: waya huu wa nini, swichi ya mkono iko wapi. Mtunza nyumba aweze kujaza tangi hata wewe uko Mombasa.

Kontakta, kibano na kihisi cha tangi viko hapa mezani. Mafundi, sogeeni mvifungue.