Nyumba Isiyo na Mtu Ina Mpangaji: Majini na Magofu ya Mji Mkongwe

Assalamu alaykum. Wazee wangu, kaka na dada mnaotembeza wageni, na nyinyi vijana wa skuli mliojibana huko nyuma karibu na mlango, karibuni. Nimeombwa nizungumzie mizimu ya Mji Mkongwe wetu huu wa Unguja. Nilikubali upesi, halafu nilipofika nyumbani nikaona nimekubali neno lisilotuenea.

Mgeni anapouliza kama nyumba fulani ina mizimu, kichwani mwake yuko marehemu: bibi aliyefia kwenye ngazi, anarudi usiku kutafuta pete yake. Sisi marehemu wetu harudi. Akishazikwa yuko barzakhi, anangojea Kiyama, ana hesabu zake za kujibu. Mzimu kwetu ni mahali kabla ya kuwa mtu: pango au mbuyu, vitambaa vyeupe na vyekundu, chupa ya marashi iliyobaki nusu. Mzuka ni kile kinachozuka ghafla ukapotewa na sauti. (Najua, leo kijana akisema ana mzuka anataka kwenda kucheza muziki. Bibi yake angemtafutia mganga.) Jini ni kiumbe mwengine kabisa. Ana ukoo, ana dini, anaoa na kuzaa, na hakuwahi hata siku moja kuwa binadamu. Kwa hiyo anayekaa katika jumba la zamani si mwenye nyumba aliyekufa. Ni mpangaji. Aliona pako wazi, akahamia.

Ndiyo nitakayozungumza leo: jini wa mjini hafuati kifo, anafuata nyumba tupu. Ukitaka kujua kwa nini nyumba fulani ina jini, usiulize nani alifia mle. Uliza nani alitoka, lini, na ufunguo anao nani.

Tuanze na jengo lenyewe. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti haina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kama mashua. Paa likiachwa bila kutengenezwa, mvua inaingia, chokaa inakunywa maji, na boriti zinaoza pale pale ncha zake zinapoingia ukutani, mahali jicho halifiki. Usiku kukipoa boriti zinaanza kulia. Kama hujawahi kuisikia boriti iliyochoka, nakwambia ni sauti ya mtu mzito aliyesimama muda mrefu akabadilisha mguu. Kisha chokaa inadondoka ghorofani, shaaa, kama mtu anamwaga mchele kwenye sinia. Katika nyumba yenye watu, sauti hizo maana yake ni aitwe fundi. Katika nyumba iliyofungwa, hakuna wa kumwita fundi, basi anatajwa jini. Na mara nyingi jini alikuwa akisema kweli. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo kila mmoja wenu amepita chini ya baraza zake, lilianguka sehemu tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha.

Sasa ufunguo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, watu wengi waliokuwa wakikaa mji huu waliondoka, wengine kwa usiku mmoja. Nyumba nyingi zikawa za serikali, familia kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na kutoka Pemba zikapewa vyumba, ukumbi ukagawiwa kwa pazia na mbao. Nyengine zilikuwa wakfu, mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, kodi yake ikawa haitoshi kununua hata chokaa. Na katika nyumba hizo palibaki vyumba visivyofunguliwa. Ama dari lilikuwa bovu, ama mwenyewe aliacha makabati na akasema atarudi. Mimi nimelelewa katika nyumba ya namna hiyo. Ghorofa ya juu kabisa palikuwa na mlango wenye komeo la chuma, na sisi watoto tuliambiwa mna jini wa Kiarabu, mtu mzima, mcha Mungu, hapendi kelele. Angalieni alivyopangwa vizuri huyo jini! Kabila lake ni la aliyeondoka. Tabia yake ni ya mtu unayemwonea haya. Hakuna aliyetusimulia kuwa tunakaa katika nyumba ya watu. Jini ndiye aliyetusimulia, na sisi tukapanda ngazi kwa ncha za vidole.

Bibi yangu hakuwa mtu wa hofu, lakini alikuwa na adabu naye. Hakumwaga maji ya moto chooni usiku bila kusema bismillahi, asije akaunguza watoto wa watu. Alhamisi jioni alipanda na chetezo, makaa mawili na punje za ubani, akakiweka mbele ya lile komeo, akasubiri moshi uingie chini ya mlango, akashuka. Hakuomba kitu. Kama kodi vile.

Twende Shangani, Mambo Msiige. Nyumba hii ni ya katikati ya karne ya 19. Imekuwa ya wamisheni, imekuwa ya balozi wa Kiingereza, leo ni hoteli. Jina lake ni majivuno: haya mambo msiyaige, hamyawezi. Na hadithi yake mnaijua, kwamba chokaa ilikorogwa kwa mayai na kwamba watu wamejengewa ndani ya kuta, wazima. Sina mfupa wa kukuonyesheni, na mtembezaji anayewaambia wageni kwamba ni jambo lililothibitishwa anakosea. Ila hadithi hii ni miongoni mwa chache mjini zinazokaribia kusema kwamba marehemu wamo. Na marehemu hao ni nani? Ni watumwa. Watu waliobeba mawe na kuchoma chokaa ya mji huu, wengi wao hawana kaburi unaloweza kulisomea fatiha kwa jina. Nadhani, na hii ni dhana yangu tu, mji ulipokosa pa kuwaweka ukawaweka ukutani.

Mkunazini ni kinyume chake. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kanisa la Kianglikana likajengwa pale pale. Wageni wanateremshwa katika vyumba vya chini, wanainama, wanatoka wanalia. Wapo wanahistoria wanaosema vyumba vile vilijengwa na wamisheni kwa ajili ya hospitali, soko likiwa limekwisha fungwa. Sisemi machozi ni ya uongo. Maumivu ya mahali pale ni ya kweli hata kama chumba si chenyewe. Lakini mtembezaji mwaminifu anaweza kusema yote mawili, na mgeni mwenye akili atakushukuru.

Kisiwa cha Changuu nitakipita haraka. Mabaharia wanawaambia wageni eti usiku unasikia minyororo ya wafungwa. Gereza lilijengwa kweli, mwaka 1893, ila halikutumika kufunga wafungwa. Kisiwa kikawa karantini ya wasafiri. Kisiwa jirani, Chapwani, kina makaburi halisi ya mabaharia wa Kiingereza, wakiwemo wa manowari Pegasus iliyopigwa bandarini na manowari ya Kijerumani Königsberg, Septemba 1914. Huko sijawahi kusikia hadithi hata moja. Wale wana mawe na majina.

Baharini ni habari nyengine. Watoto wanaoruka ukutani Forodhani wote wanamjua chunusi, anayekushika mguu akakuvuta chini. Mzee mmoja mvuvi aliniambia chunusi anakaa pale mkondo unapogeuka maji yakianza kutoka. Alinionyesha kwa kidole. Nilisimama nikatazama: maji pale yalikuwa yanapinda kweli, yana mkunjo kama shuka. Ukimwambia mtoto wa miaka minane habari za mkondo, hasikii. Ukimwambia chunusi, anaogelea upande wa pili.

Mtaniuliza Popobawa, lile pepo linalosemwa huwavamia watu usiku vitandani mwao. Huyo si wa nyumba, ni wa msimu. Alitajwa Pemba mwaka 1965, akaja tena 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, mwezi wa Ramadhani, watu wakalala nje wakikoka moto, majirani kwa majirani. Wengine leo wanachekea. Mimi sicheki, kwa sababu mwaka ule mtu mgonjwa wa akili, mgeni mjini, aliuawa na umati kwa kudhaniwa ndiye. Jini wa bibi yangu hakumdhuru mtu. Hofu isiyo na anuani inatafuta mwili wa kuuvaa.

Nimalizie kwa ile nyumba yetu. Miaka ya karibuni niliipitia. Imeuzwa, imepakwa rangi, mafundi wamefungua ghorofa ya juu. Nikamuuliza msimamizi walikuta nini nyuma ya komeo. Akasema boriti mbovu kumi na moja, kitanda cha samadari kisicho na magodoro, na alama ya moshi sakafuni, upande wa nje wa mlango, duara dogo jeusi ambalo walilisugua kwa siku mbili likakataa kutoka. Wameweka zulia juu yake. Usiku wa kwanza, akaniambia, mlinzi alipanda kukagua vyumba, na kabla hajavuka kizingiti alisikika akitoa salamu. Msimamizi akamuuliza, unamsalimia nani, hamna mtu humu. Mlinzi akajibu, "Sasa wewe umejuaje, na hujaingia?"

Nimesikia adhana ya Magharibi inakaribia. Tulikubaliana tutembee hadi Shangani, tuone Mambo Msiige kwa nje. Aliyekuja na mtoto amshike mkono, na huyo wa mwisho kutoka asisahau kuzima taa.