Mama Mukubwa Anangojea Treni

Jambo yenu bantu ba kwetu! Jambo Lubumbashi yote: jambo Katuba, jambo Kenya (mtaa wetu, si ile nchi), jambo Ruashi, jambo na bale ba Kipushi. Leo mnaniona na nguo ya kazi, munisamehe. Nimetoka zamu ya usiku hapa Leuven, Ubelgiji, katika nyumba ya wazee, sijalala, na maji ya bukari, yaani ugali, yako motoni nyuma yangu. Mkiona nageuka-geuka, nachunga sufuria.

Niliahidi habari ya makaratasi ya kuja Ubelgiji. Itangoja. Leo tuseme ugonjwa wa kusahau, ule unaoitwa Alzheimer. Juzi mdogo wangu, anayeniita yaya, yaani mkubwa wake, alinitumia sauti: «Yaya, mama mukubwa balimukuta ku Njanja saa nane ya usiku, bila viatu. Anasema anangojea bwana yake.» Njanja kwetu ndiyo reli, stesheni ya treni. Bwana yake, yaani baba mukubwa wetu, alifanya kazi ya reli mpaka pensheni, na tulimzika zamani. Sauti inaendelea: pasta wa jirani amesema mama mukubwa ni mulozi, usiku anatoka kwenda kwenye mambo yao. Sasa watoto wa kiwanja wamekatazwa kula kwake.

Niliisikiliza mara tatu. Pasta sikumshangaa. Nilijikumbuka mimi mwenyewe, mtoto wa miaka tisa, nikimkimbia kambo yangu, yaani bibi yangu, kwa maneno hayo hayo. Kambo alikuwa anafunga chumvi kwenye pindo la kitenge akidhani ni pesa. Sisi tukasema ni dawa ya kulogea. Alikufa akiwa na sahani yake peke yake, kikombe chake peke yake. Na mimi leo ninalipwa kwa mwezi kuwalisha wazee wa watu wengine wenye ugonjwa uleule. Haya, tuendelee, nisije nikalia mbele ya simu.

Mwaka 1901, mjini Frankfurt, Ujerumani, karani mmoja wa reli (reli, mnasikia!) alimpeleka mke wake hospitali. Mama yule aliitwa Auguste Deter, umri miaka 51. Alianza kwa wivu, kumshuku mumewe na wanawake. Kisha kupika kukamshinda, vitu vya nyumbani akawa anavificha ovyo. Daktari Alois Alzheimer akakaa naye, anamuuliza, anaandika. Jina lako? Auguste. Jina la mumeo? Auguste, nadhani. Mchana anakula nyama ya nguruwe na koliflawa. Unakula nini, mama? Mchicha. Na kuna siku alisema: «Nimejipoteza.»

Miaka zaidi ya mia moja imepita, mimi jana usiku nimesikia karibu maneno hayo kutoka kwa bibi mmoja wa Kibelgiji, chumba cha pili kushoto.

Auguste alikufa Aprili 1906. Alzheimer akaomba ubongo wake, akaukata vipande vyembamba, akavitia rangi, akatazama kwa hadubini. Akaona vitu viwili. Nje ya seli, madonge. Ndani ya seli, nyuzi zilizosokotana. Novemba mwaka huohuo alikwenda Tübingen kuwaeleza madaktari wenzake. Alipomaliza, hakuna aliyeuliza swali hata moja! Jina la ugonjwa lilitiwa kitabuni mwaka 1910 na mkubwa wake wa kazi, Emil Kraepelin.

Madonge yale ni nini? Jibu lilikawia mpaka 1984, Marekani, George Glenner na Caine Wong walipoisafisha protini yenyewe. Ndiyo ile amiloidi beta. Nawaeleza kwa sufuria yangu. Kwenye ngozi ya seli za ubongo kuna protini ndefu, imesimama pale kila siku, kwangu na kwako. Mikasi miwili inaikata: mmoja juu, mmoja chini. Kipande kinachobaki katikati kwa kawaida kina viungo 40, kama pete za mnyororo. Mara nyingine mkasi unakosea kidogo, vinakuwa 42. Hicho cha 42 ndicho kinachonata. Mmeshaona mtu asiyejua kupika anatupa unga wote kwa mara moja? Donge la kwanza likishika, mengine yanalifuata, na hata ukoroge na mwiko gani, halivunjiki. Ndivyo inavyokuwa, ila polepole, na inaanza miaka kumi, kumi na tano, hata ishirini kabla mtu hajasahau jina la mtoto wake.

Huo mkasi wa chini ulitafutwa hapahapa Leuven. Profesa Bart De Strooper na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba bila protini iitwayo presenilini mkasi haukati vizuri. Watu wakafurahi: basi tuufunge mkasi, ugonjwa uishe. Kampuni ya Eli Lilly ikajaribu dawa ya kuufunga. Mwaka 2010 ikasimamisha jaribio, kwa sababu waliokunywa dawa walizidi kuharibika. Mkasi ule una kazi nyingine mwilini. Huwezi kumfukuza fundi kwa kosa moja halafu nyumba iendelee kujijenga.

Na zile nyuzi za ndani? Hapo baba mukubwa angenielewa kuliko pasta. Seli ya ubongo ina mkono mrefu, na ndani yake kuna reli za kupelekea chakula na vifaa mpaka mwisho. Protini iitwayo tau inazishika reli hizo kama mataruma. Mataruma yakilegea, reli inapinda. Na tau iliyotoka mahali pake inajisokota na wenzake mpaka inaziba njia. Mzigo haufiki. Seli inakufa njaa katikati ya ghala. Aliyeitambua tau ndani ya nyuzi zile, mwaka 1985, ni Jean-Pierre Brion, wa Brussels, nusu saa kwa treni kutoka hapa. Na tau ndiyo inayokwenda sambamba na kusahau. Kuna wazee wenye madonge mengi ambao bado wanahesabu pesa zao vizuri. Tau ikisambaa, mambo yanaharibika.

Sasa najua mtauliza: dawa iko? Iko inayoitwa lekanemabu, inafagia madonge. Katika jaribio kubwa la miezi 18 ilipunguza kasi ya kuharibika kwa asilimia 27. Kupunguza kasi, sikusema kuponya. Katika jaribio hilo ilikuwa dripu kila wiki mbili, na picha za ubongo mara kwa mara, maana inaweza kuvimbisha ubongo au kuutoa damu. Na ni kwa walioanza tu. Kwa mama mukubwa, Katuba, nisiwadanganye.

Lakini damu yetu nayo imeanza kutazamwa. Mkongomani mwenzetu, Jean Ikanga, wa chuo cha Emory kule Atlanta na Chuo Kikuu cha Kinshasa, amekuwa akipima protini hizi katika damu ya wazee wa Kinshasa. Nilipoisoma niliruka kitandani! Kwa sababu miaka yote vipimo vilitungwa kwa damu za watu wa huku.

Mdogo wangu nilimwambia hivi: kabla hamjasema Alzheimer, na kabla hamjasema ulozi, mpelekeni apimwe presha, sukari, tezi ya shingo, upungufu wa damu na wa vitamini B12, kaswende, na muulizie dawa anazokunywa. Baadhi ya hayo yanasahaulisha mtu na yanatibika. Masikio pia, asiyesikia hujibu mambo mengine, mkadhani akili imekwenda. Mlango wa nje mtieni komeo juu, mahali asipozoea kutazama. Na watoto warudi kula kwake, hiyo sikuomba, niliamuru. Mimi ndiye yaya.

Akitafuta bwana yake, msimwambie amekufa. Huku kazini tulifundishwa hivyo: kila ukimwambia, anafiwa upya.

Jana nikampigia kwa video. Hakunijua. Akasogeza uso kwenye simu mpaka nikaona pua tu, akaniuliza kama treni ya Kamina imeingia.

Nikamwambia bado, mama, imechelewa kidogo.

Akacheka. «Hii njanja ya sasa!» Akaanza kunihadithia baba mukubwa alivyokuwa akirudi na samaki wakavu kwenye mfuko wa kazi, dakika ishirini nzima, jina kwa jina, stesheni kwa stesheni: Likasi, Tenke, Bukama...

Eeh, maji yangu yamefurika. Ngojeni.