Kisima cha Gede

Mhadhara kwa walimu wa historia na jiografia, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wengine, hamjambo? Ahsanteni kwa kuiacha mechi ya leo mkaja kusikiliza habari za magofu.

Nianze na swali nililoulizwa mara saba ndani ya siku tatu. Niliulizwa mpakani Horohoro, nikaulizwa kwenye feri ya Likoni, nikaulizwa na binti wa mapokezi kule Malindi: "Mama, uko peke yako?" Mara ya kwanza nilijieleza vizuri. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzee wangu magoti yanamsumbua, watoto wana shughuli zao. Mara ya pili nikapunguza maelezo. Ilipofika ya saba nilikuwa najibu "ndiyo" tu, kama mtu anayetaja kabila lake.

Sababu ya kwenda ilikuwa aibu. Miaka yote niliyofundisha miji ya pwani, nikifika Gede nilikuwa nashika chaki na kuandika ubaoni: "mji wa mawe, Kenya, ulihamwa na watu." Mwanafunzi akiuliza kwa nini ulihamwa, namwambia ni fumbo. Sijawahi kuuona. Na jamani, kwa barabara Gede iko karibu na Tanga kuliko Dar es Salaam! Tunakwenda Dar kila harusi, kila msiba, kila kikao, na hatulalamiki.

Ya njiani siyaelezi sana, nyote mnayajua mabasi. Nililala Mombasa, asubuhi nikapanda matatu ya Malindi. Unavuka daraja la Nyali, Mtwapa, halafu daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991, ambalo kabla yake watu walivushwa kwa kivuko. Baada ya hapo unaingia kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kushoto, kilomita nyingi za miti, na kondakta anapopiga kelele "Gede! Gede!" unashuka kwenye njia panda iendayo Watamu. Kutoka pale ni mwendo wa miguu. Getini nikaulizwa, "Wangapi?" Nikasema mmoja. Yule kijana akachungulia nyuma yangu, labda wengine wananunua maji.

Sasa tuingie.

Jambo la kwanza linalokuchanganya ni kwamba hakuna bahari. Tumezoea magofu yetu yako ufukweni. Hapa kwetu ukienda Tongoni, makaburi ya nguzo yanakaribia kusikia mawimbi. Gede imejificha kilomita kadhaa ndani, katikati ya miti mikubwa iliyoota juu ya kuta, mizizi imeshuka kwenye mawe kama nta ya mshumaa. Kima wanarukaruka juu ya msikiti. Mji wa pwani usioiona pwani: hilo peke yake linatosha kumfanya mgeni aanze kunong'ona habari za fumbo.

Jambo la pili ni kuta, kwa sababu ziko mbili. Ule wa nje ulizunguka ekari 45 hivi. Ndani yake kuna ukuta mwingine, na humo ndimo mlimokuwa na jumba la mtawala, msikiti mkuu na nyumba za matajiri. Baina ya kuta hizo mbili walikaa walio wengi, katika nyumba za miti na udongo ambazo leo hazina hata kipande cha kuonyesha. Nikawa natembea huku na huku kwenye ile nafasi ya katikati, mahali watalii hawasimami kwa sababu hapana cha kupiga picha. Nilikuwa nahesabu miguu tu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu 2,500, na wengi wao ndio wale wa udongo. Tunapoita Gede mji wa mawe, tumekwishawafuta watu hao kwa neno moja. Nimelifanya kosa hilo ubaoni kwa miaka, nalikiri mbele yenu.

Ukuta wa ndani umejengwa baadaye. Wachimbaji wa mambo ya kale wanauweka karne ya 16, wakati mji wenyewe ulikuwa unapungua. Wazia mtu anayejenga ua mdogo ndani ya ua mkubwa wa babu yake. Hajengi hivyo aliyeneemeka.

Mwongozaji wangu alikuwa kijana wa Kigiriama, mpole, ana sauti ya mtu wa redio. Alinionyesha kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwaka huo ndio msumari ambao wataalamu wametundikia tarehe nyingine nyingi za mji huu. Kisha msikiti mkuu, na mihrabu yake inayoelekea kaskazini kama ya kwetu, na juu ya mlango mmoja pamechongwa ncha ya mkuki. Mkuki msikitini! Niliusimamia pale muda mrefu. Wale wanaotuambia miji hii ilikuja kwenye jahazi kutoka ng'ambo, imekamilika, imefungwa kwa kamba, waje wautazame ule mkuki.

Nyumba ndizo zilizonikalisha zaidi. Zimepewa majina kwa kilichookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kaure. Vitu vilitoka China, India, Uajemi, na hata shanga za Venice. Lakini hebu fikirini, mwenye nyumba kaishi miaka 60, kaoza mabinti, kalipa madeni, kagombana na jirani kwa ajili ya mbuzi, na sisi tunamkumbuka kwa mkasi. Nyumba yangu ikifukuliwa baada ya miaka 500, itaitwa Nyumba ya Rimoti.

Nikaingia moja, nikaomba niachwe humo. Hapo ndipo raha ya kusafiri peke yako: hakuna anayekuharakisha, na hakuna wa kumwambia "umeona?" kwa hiyo unaona mwenyewe. Vyumba ni virefu na vyembamba. Upana wake haukuchaguliwa na mwenye nyumba, ulichaguliwa na mkoko. Boriti ya mkoko haibebi dari la mawe na chokaa ikipita mita tatu hivi, kwa hiyo chumba kinaishia pale boriti inapoishia. Tajiri ana shanga za Venice, lakini upana wa chumba cha kulala anapangiwa na mti wa matopeni. Nyuma kabisa kuna kichumba kisicho na mlango. Anayetaka kuingia anapanda ngazi na kupenya kwenye tundu lililo juu ukutani. Hapo ndipo walipoweka mali. Na chooni kuna shimo na mahali pa kuwekea maji ya kutawadhia, pamejengwa kwa adabu kabisa. Mwaka huo wa 1399, kuna miji mikubwa ya Ulaya ambako wewe mpita njia ulikuwa unamwagiwa uchafu kutoka dirishani.

Basi nikarudi msikitini, na sasa nafika kwenye kisima.

Kipo nje tu ya msikiti mkuu. Watalii wanakichungulia, wanatupa jiwe, wanaondoka. Mimi nilipiga magoti, na mwongozaji akanishika kilemba kisidondoke. Kisima hiki kilichimbwa, kikatumika, halafu kikachimbwa tena kwenda chini zaidi. Wachimbaji waliliona hilo, na ni moja ya sababu zinazotajwa za mji kuhamwa: maji yalikuwa yanakimbia kwenda chini.

Nilipoambiwa hivyo nilinyamaza, maana mambo hayo nayajua. Kijijini kwetu Mkinga baba alikuwa na kisima. Nilipokuwa mdogo, kamba ilikuwa pima nne. Nilipokuwa kidato cha pili akaitwa fundi, akashuka, akachimba, zikaongezwa pete za zege. Nilipoolewa akaitwa tena. Mara ya tatu maji yalipanda yana chumvi, na mama akawa anayatumia kuoshea vyombo tu. Nyinyi wa jiografia mnajua kwa nini. Huku pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari chini ya ardhi kwa sababu ni mepesi zaidi, na mizani yake ni dhaifu: kwa kanuni, ukiushusha uso wa maji matamu kwa mita 1, mpaka wa chumvi chini yake unaweza kupanda mita 40. Ndiyo maana fundi wa kisima cha pwani, akiwa mwaminifu, atakwambia "mama, tuishie hapa."

Kila anayekuongezea kina anakuongezea muda, hakuongezei maji. Baba hakuhama siku moja. Kwanza aliacha bustani, kisha akauza ng'ombe, kisha wadogo zangu wakaja mjini, kisha yeye. Ukimuuliza mtu wa kijiji kwa nini ile nyumba imebaki gofu, hatakwambia ni fumbo.

Sisemi kisima peke yake kiliua mji. Palikuwa na misukosuko. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, jirani kabisa, wakakaa karibu miaka 100, na katika maandishi yao Gede haitajwi. Mwaka 1589 Wazimba, kundi la wapiganaji, walipanda pwani kutoka kusini, wakaingia Mombasa, wakaelekea Malindi, na huko wakavunjwa nguvu. Waliosaidia kuwavunja ni nani? Wasegeju! Naona watu wa Moa na Mtimbwani mmenyanyua vichwa. Ndiyo, ni hao hao wajomba zenu, kabla hawajateremka huku. Muda mfupi baadaye Wasegeju hao hao wakaiteka Mombasa, mtawala wa Malindi akahamia huko, Wareno nao wakahamia huko, na mwaka 1593 ngome ya Fort Jesus ikaanza kujengwa. Biashara ikawafuata. Kisha Waoromo wakashuka kutoka kaskazini na mashamba yakawa hayakaliki. Mapema karne ya 17 Gede ikabaki na popo.

Sasa unganisheni. Soko limehama, mashamba ni ya hatari, mji umejikunyata ndani ya ukuta mdogo, na kila miaka michache fundi anaitwa kisimani. Fumbo liko wapi hapo?

Hili la fumbo linaniudhi, niseme wazi. Vitabu vinaandika kwamba Mskoti John Kirk "aliigundua" mwaka 1884. Wagiriama wanalima kuzunguka kuta zile, wanajua wapi pa kupita na wapi si pa kupita, na wanapaheshimu. Mwongozaji aliniambia bibi yake hakukata kuni ndani ya magofu maisha yake yote, kwa kuwa wenyewe wapo. Hata jina tunalotumia, inasemekana limetoka kwa Waoromo, na maana yake ni kitu cha thamani. Mtu hakipi jina la thamani kitu asichojua kipo. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikaitangaza kuwa eneo la kumbukumbu, na kuanzia 1948 hadi 1958 mwanaakiolojia James Kirkman akachimba. Kazi yake ni kubwa, sitamvunjia heshima, bila yeye nisingekuwa na mkasi wa kuwachekesha. Julai 2024 UNESCO wameiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Vyema. Ila bado ukutani pale utasikia watalii wakiambiana "mji uliopotea". Ulipotea kwa nani?

Mchana nilikaa chini ya mbuyu nikala mkate na mayai niliyotoka nayo Mombasa, kima mmoja akachukua yai la pili bila kuaga. Nikapita kwenye mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993: wakulima wanaoishi kando ya msitu wanafuga viwavi wa vipepeo na kuwauza nje ya nchi wakishakuwa pupa, yaani wamejifunika gamba kabla ya kuwa kipepeo, na kwa hiyo wana sababu ya mfukoni ya kutokata miti. Hilo ni somo zuri, lakini siku nyingine.

Kabla sijatoka nilirudi kisimani mara ya pili, peke yangu. Kijana alinisubiri getini. Nilitaka kupima, kwa hiyo nilifungua mtandio wangu nikaanza kuuteremsha, mwanamke mzima wa miaka 63, kisha nikaona haya nikaukunja. Nikadondosha kokoto. Kokoto lilianguka, na nilichosikia ni majani makavu.

Nimemaliza yangu. Mwalimu uliye karibu na meza, tafadhali nisogezee hiyo glasi ya maji, halafu tuanze maswali. Tuanze na mzee wa kule nyuma aliyekuwa anatikisa kichwa tangu nilipotaja Wasegeju.