Umemaliza chuo, unataka kujitolea chekechea za Ujerumani? Anza na kadi ya kliniki

Habari zenu ndugu zangu wa nyumbani, karibuni tena Hamburg. Tangu mahafali yaanze, meseji ni hizo hizo: "Dada, nimemaliza ualimu, nataka kuja kujitolea na watoto, nianzie wapi?" Wengi akili yote iko kwenye visa. Mimi nasema anzeni na watoto wenyewe, maana karatasi nyingi mtakazodaiwa zinauliza jambo moja tu: mtoto akiachwa mikononi mwako, yuko salama?

Mpigie mama simu leo, muulize kadi yako ya kliniki iko wapi. Tangu Machi 2020, sheria ya hapa inamtaka kila anayefanya kazi chekechea, aliyezaliwa baada ya 1970, athibitishe kinga ya surua. Kadi imepotea? Kachanje mapema, ni dozi mbili na lazima zipishane kwa wiki kadhaa. Halafu fuatilia cheti cha polisi, kile cha alama za vidole.

Kuhusu njia: weltwärts, mpango wa kujitolea wa serikali ya Ujerumani, ulianza 2008 ukileta vijana wa Kijerumani kwetu, na tangu 2013 na sisi tunakuja huku. Umri ni 18 hadi 28. Unapata malazi, bima na posho, mshahara hakuna. Wakala akikudai mamilioni ya "kukushikia nafasi", achana naye kabisa, nawaomba.

Sasa lugha. Cheti cha A1, kile cha Kijerumani cha ngazi ya kwanza, kitafute, lakini mtoto wa miaka mitatu haongei kama kitabu. Asubuhi kwenye korido kila mtoto ana ndoano yake ya koti yenye picha, huyu kobe, yule treni. Wote wanavaa suruali za mvua kwa mpigo. Wewe umepiga magoti, zipu ya mmoja imekwama, mwingine amebanwa na mkojo, na anakuita kwa jina lako tu, hakuna cha mwalimu wala dada. Kwa hiyo jifunze kwanza zipu, kiatu, mkojo, amenipiga, namtaka mama. Na usikimbilie kumvalisha! Hapa mtoto anaachiwa ahangaike na kiatu chake mpaka kiingie, wewe unasubiri. Kwetu, darasa likiwa na watoto wengi, tunamvisha tu ili mambo yaende. Kusubiri huku ndiko kulikonifundisha ualimu kuliko mhadhara wowote.

Jambo jingine, picha. Bila idhini ya mzazi hupigi, hata kama ni ya kumtumia bibi. Ndiyo maana kwenye chaneli hii hamjaona sura ya mtoto hata mmoja, na hamtaiona.

Wewe unayesubiri usaili, usikae nyumbani. Nenda chekechea ya mtaani kwenu, muombe mwalimu mkuu akupokee hata asubuhi mbili kwa wiki, na ukitoka andika mtoto gani alilia na ulifanya nini. Ukiulizwa kwa nini unataka kufanya kazi na watoto, utakuwa na la kusema.