Acheni Injini, Tazameni Sleji

Asanteni, kaeni. Wewe wa nyuma usizime taa bado. Picha ni moja tu, na naionyesha sasa hivi ili tuondokane nayo.

Haya. Ndiyo hiyo. (Minong'ono.) Hiyo ni trekta ya Wajerumani ya mashindano ya kuvuta, yale ya kuona trekta ipi itaburuza mzigo mzito mbali zaidi. Inaitwa Dragon Fire. Injini yake ni Zvezda M503 ya Kirusi, iliyoundwa kwa ajili ya boti za kivita za kurusha makombora. Silinda 42. Si nne, si sita. Arobaini na mbili, safu saba zimeizunguka shafti moja kama punje kwenye gunzi la hindi. Ujazo ni lita 143 na ushee. Mmeiona? Mmeshapiga picha? Basi zima projekta.

Kila nikialikwa kuzungumzia mashindano ya kuvuta kwa trekta naambiwa, "Mwalimu, tuletee zile injini za ajabu." Na kila mara nasema lilelile, mpaka wenzangu ofisini wanajua nitapumua wapi. Kwenye picha ile kulikuwa na vitu viwili: trekta mbele, na kitu kirefu cha chuma nyuma yake. Ukumbi mzima umetazama mbele. Kuna mtu mmoja aliyetazama nyuma? Hakuna. Nilijua.

Kile cha nyuma kinaitwa sleji. Kwangu mimi, katika mchezo wote huu, hakuna wazo la kihandisi lililo geni kuliko hilo. Karibu injini zote mtakazoniuliza ziliazimwa kutoka kwenye ndege, boti au kifaru. Sleji haikuazimwa popote. Ilizaliwa kwenye vumbi la mashindano yenyewe, kwa sababu ya shida ya pale pale.

Shida ilikuwa hivi. Wakulima wa Marekani walikuwa wakishindanisha farasi wao kuvuta mzigo. Mwaka 1929 ndipo yanapotajwa mashindano ya kwanza ya trekta, Bowling Green kule Missouri na Vaughnsville kule Ohio. Sasa wewe ni mwamuzi. Umeweka tani tano. Trekta kumi zimekuja, nane zimevuta mpaka mwisho. Nani mshindi? Humjui. Unaongeza mzigo, unaanza upya. Sita zimevuta. Unaongeza tena. Jua linazama, mafuta yanakwisha, watu wanarudi nyumbani kukamua ng'ombe.

Wakabuni njia. Wanaume walisimama kando ya uwanja kwa kupishana hatua kadhaa, na sleji ikipita mbele ya kila mmoja, anaikanyaga na kupanda. Mzigo ukawa unaongezeka njiani, kilo sabini, kilo themanini, mpaka trekta inakwama. Mnacheka, lakini tazameni kilichofanyika hapo: uzito umegeuzwa kuwa umbali. Huna haja ya kurudia. Trekta inaondoka mara moja, inakutana na kiwango chake yenyewe, inasimama, unavuta futi kamba, unaandika. Hiyo ni mizani! Ni mizani iliyolazwa chini, ina urefu wa mita 91, na kwa miaka mingi vipande vyake vilikuwa binadamu.

Kisha trekta zikaanza kwenda kasi. Kumpanda kobe ni jambo moja, kudandia daladala ni jingine. Watu wakawa hatarini kuumia. Ndipo ikaja sleji ya mashine, na hapa nataka mtulie. Nyuma ina magurudumu. Mbele haina, ina bamba pana la chuma linaloburuzwa chini. Katikati kuna reli zilizoinuka kuelekea mbele, na juu ya reli kuna sanduku la uzito. Mwanzoni sanduku liko nyuma kabisa, juu ya magurudumu, kwa hiyo sleji inabiringika tu, mtoto anaweza kudhani ni nyepesi. Lakini magurudumu yale yale yanayobiringika yameunganishwa kwa gia na minyororo, na ndiyo yanayolivuta sanduku lipande mbele. Kadiri unavyosonga, ndivyo uzito unavyohama kutoka kwenye magurudumu kwenda kwenye bamba. Mwisho wa safari bamba limekandamizwa ardhini kama pasi ya mkaa juu ya shuka. Sleji kubwa zinaweza kufika tani 29. Na anayelisogeza sanduku ni nani? Trekta mwenyewe! Anachimba kaburi lake kwa jasho lake. Mimi nimefundisha mitambo zaidi ya nusu ya umri wangu, na bado nikilifikiria sanduku lile nacheka peke yangu kwenye basi.

Kuna kijana mwaka fulani alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, huo si uhalisia. Jembe la shambani mzigo wake haubadiliki." Nikamuuliza, umeshalima wapi? Akanyamaza. Nenda kalime udongo wa mfinyanzi uone kama mzigo haubadiliki. Na hata ingekuwa kweli, mizani ya sokoni nayo haifanani na kapu la nyanya. Kazi yake ni kupima.

Sasa, kwa nini nang'ang'ania sleji? Kwa sababu ukiielewa, unaacha kuulizia injini. Mwisho wa uwanja trekta hazisimami kwa kuwa injini imeshindwa. Mara nyingi injini inanguruma, tairi zinazunguka, udongo unaruka, na trekta haiendi. Nguvu ipo, mshiko haupo. Mshiko unatoka wapi? Uzito ulio juu ya tairi za nyuma, basi. Na uzito huo unaongezwaje bila kuongeza kilo? Kwa ndoano, pale nyuma ya trekta mzigo unapofungwa.

Ngoja niandike ubaoni. Trekta ya tani 3. Mbele imebeba tani 1, nyuma tani 2. Kutoka ekseli hadi ekseli, mita 2. Inavuta kwa kani sawa na uzito wa tani 2. Ndoano iko nusu mita kutoka chini. Zidisha, gawanya: mbili mara nusu, gawanya kwa mbili. Nusu tani imetoka mbele imehamia nyuma. Nyuma sasa kuna tani 2 na nusu. Mshiko umeongezeka bure! Haya, mwerevu mmoja anasema, basi tupandishe ndoano iwe mita moja. Hesabu: tani 1 nzima imehama. Mbele kumebaki ngapi? (Ukumbi: "Sufuri!") Sufuri. Tairi za mbele zinaelea. Ukikanyaga mafuta kidogo tu, hazielei tena, zinapaa.

Hili sikulisoma kitabuni. Nikiwa fundi kijana kwenye shamba la miwa, tela lilizama mpaka kwenye ekseli. Dereva wetu, mtu mzima, tulimwita Babu, alikuwa na haraka. Cheni ilikuwa fupi, haikufika kwenye ndoano. Akaizungusha juu, kwenye pini ya mkono wa juu wa haidroliki, mahali panapofika kifuani. Mimi nilikuwa nimeshika beleshi. Nakumbuka sauti ya injini ikishuka, ikawa nzito, kisha nikaona kitu ambacho akili ilikataa: nikaona tumbo la trekta. Sampo ya oili, na matone mawili yakining'inia. Babu aliruka upande wa kushoto. Alivunjika mkono, akapona. Usukani tuliuchimbua udongoni umekunjwa kama chapati. Na jioni ile, mnajua watu walisema nini? "Injini ile ina nguvu sana." Injini! Cheni imefungwa sentimita sitini juu zaidi ya inavyotakiwa, na sifa anapewa injini.

Ndiyo maana kwenye mashindano sheria inaweka ukomo wa urefu wa ndoano, na nyuma ya kila trekta kuna miguu miwili ya chuma ya kuizuia isipinduke. Na ndiyo maana mbele wananing'iniza mawe ya chuma na kuyasogeza kwa vipimo kama muuza dhahabu. Wanataka pua ielee kwa kiganja kimoja tu, tairi za mbele ziguse hewa, si mbingu.

Haya, injini. Mmenivumilia, nami niwalipe.

Miaka ya 1970 ndugu wawili, Carl na Paul Bosse, walileta sanduku la gia linalopokea injini zaidi ya moja na kutoa shafti moja. Kuunganisha injini halikuwa jambo geni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya magari ya Chrysler waliunga injini tano za gari, silinda 30, wakazitia kwenye kifaru cha Sherman. Lakini ndugu hawa walifungua mlango kwa wakulima. Injini mbili, tatu, nne, zote na supachaja juu, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Wengine wakanunua injini za Allison, silinda kumi na mbili, lita 28, zilizokuwa kwenye ndege za vita. Shida yake mnaijua hata bila kuwaambia: zimefungwa pamoja, moja ikifa, wenzake wanaburuza sleji na maiti.

Halafu kuna mtu mmoja ambaye lazima nimtaje, hata kama ananiharibia hoja. Art Arfons, wa Akron, Ohio. Familia yake ilikuwa na kinu cha chakula cha mifugo. Mwaka 1952 aliunda gari la mbio la magurudumu matatu, akalipaka rangi ya kijani iliyobaki, rangi ya trekta. Mtangazaji wa uwanja akaliita "Green Monster", zimwi la kijani, na jina likaganda kwenye kila alichokiunda baadaye. Kisha akapata injini ya jeti, J79, ile ya ndege za kivita za Starfighter. Aliipata kwa muuza chuma chakavu, kwa sababu ilikuwa imemeza kitu ikaharibika. Akaomba vitabu vyake kwa watengenezaji, wakamnyima. Akaifungua mwenyewe, akatoa mapanga ya feni zake yaliyopinda, kama sitini hivi katika elfu moja, akaifunga. Akaijaribu wapi? Nyuma ya nyumba yake. Ameifunga kwenye miti! Majirani walilalamika, na mimi nipo upande wa majirani. Lakini tarehe 7 Novemba 1965, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville kule Marekani, mtu huyo alikwenda zaidi ya kilomita 927 kwa saa. Rekodi ya dunia ya gari la nchi kavu.

Mtu wa namna hiyo, akizeeka, anafanya nini? Alikuja kuvuta sleji. Aliyekimbia karibu robo tatu ya mwendo wa sauti akaja kushindania mita 91, na tabini ndani ya trekta, yaani injini ambayo gesi ya moto inazungusha mapanga kama ya feni badala ya kusukuma pistoni. Gardner Stone, Mmarekani mwenzake, naye alivuta kwa tabini. Na tabini, hapa nakubali, ni wazo zuri, kwa sababu inagusa hoja yangu. Leteni zile feni.

(Feni mbili za mezani zinawekwa zikitazamana.) Hii nimeichomeka kwenye umeme, hii sikuichomeka. Nawasha. Mnaona? Ya pili inazunguka kwa upepo wa mwenzake. Sasa naishika ya pili kwa mkono. Imesimama, lakini nasikia inanisukuma, na ya kwanza haijali, inaendelea. Tabini za helikopta zimeundwa hivyo: sehemu inayotengeneza upepo haijafungwa kwa chuma na sehemu inayopeleka nguvu kwenye shafti. Maana yake? Klachi haihitajiki. Trekta ikiwa imesimama kabisa, msukumo wa kuzungusha ndio uko juu kuliko wakati wowote. Injini ya pistoni ukiifanyia hivyo inazimika, ndiyo maana wenye pistoni walihangaika na klachi za sahani nyingi zinazoteleza kwa makusudi, jambo ambalo lilistahili saa nzima na leo halitapata.

Tatizo la tabini ni uvivu wa kuamka. Lazima uipandishe mzunguko huku umekanyaga breki, ndipo uachie. Waholanzi wana trekta inaitwa Whispering Giant, jitu linalonong'ona, yenye tabini za TV3-117. Ni zile zile za helikopta ya Mi-17, mmeshazisikia zikipita juu hapa. Mchezo ulivuka bahari kwenda Uholanzi mwaka 1977, na huko Ulaya ndiko wazimu wa injini kuukuu za Kirusi ulipokolea. Ile silinda 42 ya mwanzo, Wajerumani wake waliibadilisha kutoka dizeli kwenda methanoli, aina ya spiriti, wakaitia plagi, ikatoa nguvu za farasi kama elfu kumi. Elfu kumi! Na mwisho wa uwanja? Sanduku limefika mbele, bamba limezama, farasi elfu kumi wanachimba mtaro.

Naambiwa muda umekwisha. Tabo za hatua nne na barafu ya kupoza hewa, tuache. Tairi zinazochongwa kwa mkono, tuache. Ndiyo, wewe, swali moja.

(Swali: injini ipi ni bora kuliko zote?)

Jamani. (Kicheko.) Kesho saa mbili asubuhi, karakana, njooni na overoli na futi kamba. Ile trekta iliyo nyuma ya kantini, kuna mtu ameifungia tela juu ya ndoano kwa waya. Nataka kila mmoja aniletee kipimo cha kutoka chini hadi kwenye waya, na aliyeufunga ajitokeze kabla sijamtafuta.