Bakteria Anayenusa na Kuhesabu: Mnyauko wa Nyanya

KASSIM: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Kassim, na dada Neema yupo hapa. Leo nyanya. Mkulima wa nyanya anaijua hali hii: asubuhi mche umesimama vizuri, saa saba mchana umelegea, jioni unajiinua. Siku chache baadaye, kwisha.

NEEMA: Na unakufa ukiwa bado kijani, hilo ndilo la kuangalia. Ni mnyauko bakteria. Mwenyewe anaitwa Ralstonia solanacearum. Erwin Smith wa Marekani alimweleza tangu 1896, na mpaka leo hakuna dawa ya kupulizia inayouponya mche ulioshikwa.

KASSIM: Lakini dukani kwa pembejeo hukosi chupa.

NEEMA: Utauziwa, tena kwa uso mkavu! Sasa tuanzie udongoni. Mizizi hutoa sukari, asidi za amino na vitu vingine. Bakteria ana vipokezi vya kuzinusa kemikali hizo, na ana mkia wa kuogelea. Harufu ikizidi, anasonga mbele. Ikipungua, anageuza.

KASSIM: Ngoja kidogo. Kuogelea tu hakutoshi? Udongo umelowa, mizizi imejaa kila upande.

NEEMA: Hilo lilipimwa. Mwaka 2006, Jian Yao na Caitilyn Allen wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha kazi waliyoifanya kwa bakteria wanaoogelea vizuri ila hawawezi kufuata harufu. Wakimwagwa kwenye udongo, ugonjwa unakuwa mdogo kuliko wa bakteria wa kawaida. Wakiwekwa moja kwa moja ndani ya shina, wanaua kama kawaida.

KASSIM: Kwa hiyo pua ni ya huko nje tu, ya kuutafuta mlango.

NEEMA: Kwa nyanya, ndivyo ilivyoonekana. Na milango ipo: palipokatwa na jembe wakati wa palizi, palipotobolewa na minyoo fundo, hata pale mzizi mdogo unapochipuka kutoka kwenye mkubwa. Akishaugusa ukuta wa seli ya mmea, kipokezi kingine kinachoitwa PrhA kinatoa taarifa. Hapo anaunda mrija mwembamba sana na kupenyeza protini zake ndani ya seli, ili kinga ya mmea isiamke.

KASSIM: Kisha anaingia kwenye mirija ya maji.

NEEMA: Anaingia, na hewa ya oksijeni huko ni haba, kwa hiyo anatumia naitreti, kemikali yenye naitrojeni na oksijeni, kupumulia. Lakini kinachonishangaza zaidi ni kwamba haanzi fujo. Anatulia, anazaliana, na kila mmoja anatoa kemikali kidogo. Watafiti wa Marekani waliitambua mwaka 1997, ni aina ya mafuta mepesi. Wakiwa wachache, kemikali inapotea. Wakifika kama milioni 10 kwa mililita moja, inakolea, na swichi iitwayo PhcA inawashwa.

KASSIM: Kama kamati ya harusi. Ukumbi haulipiwi mpaka michango ifike.

NEEMA: Haswa! Na ukumbi wenyewe ni ute. Wanatengeneza ute mwingi mzito, mirija inaziba, maji hayapandi. Ndiyo maana mche unalegea saa saba, jua likiwa kali na majani yanadai maji.

KASSIM: Mbona wasiutengeneze tangu siku ya kwanza?

NEEMA: Gharama, kaka. Ute unakula chakula chao. Bakteria walioondolewa PhcA maabara hukua haraka kuliko wenzao, ila kuuangusha mmea hawawezi tena. Kwa hiyo unapouona mnyauko, kazi imeshakwisha zamani. Ukipuliza majani siku hiyo unapuliza kitu gani?

KASSIM: Unapuliza pesa. Sasa mtu atahakikishaje kwamba ni huyu, si ukame wala fangasi?

NEEMA: Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishikilie kikining'inia ndani ya glasi ya maji safi, usitikise. Ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama moshi zinashuka. Ni wao hao, na ute wao.

KASSIM: Na watu wa viazi mviringo huko nyanda za juu?

NEEMA: Huko ni kugumu zaidi. Kwenye baridi, kiazi kinaweza kumbeba bila dalili yoyote: idadi haijafika, mmea umesimama, na mkulima anachagua mbegu humo humo. Akiipeleka shamba la chini lenye joto, ndipo ugonjwa unapolipuka. Mbegu ya viazi inunuliwe iliyopimwa.

KASSIM: Na mche wa nyanya ulioshikwa?

NEEMA: Ung'oe na udongo wake, uutoe shambani, na usiutupe kwenye mfereji wa kumwagilia. Maji yatampeleka kwa jirani. Msimu unaofuata panda mahindi hapo. Usipande bilinganya wala pilipili hoho, hizo zote anazila.